Usingizi wa Mtoto Njiti: Mambo Ambayo Kila Familia ya Plateau Inapaswa Kujua

Hotuba kwa wakaazi wa Plateau, Kaunti ya Uasin Gishu

Asanteni kwa kuacha mahindi shambani na ng'ombe zizini ili kuja kusikiliza habari za watoto wadogo kuliko wote, wale wanaozaliwa kabla ya wakati wao.

Mimba hukaa takriban wiki 40. Mtoto anayezaliwa kabla ya wiki 37 kutimia ndiye anayeitwa mtoto njiti. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka wa 2020 watoto milioni 13.4 walizaliwa hivyo, yaani zaidi ya mmoja katika kila watoto kumi duniani. Matatizo yanayotokana na kuzaliwa mapema ndiyo yanayoongoza kwa kuua watoto walio chini ya miaka 5. Kwa sababu hiyo dunia imetenga Novemba 17 ya kila mwaka kuwa siku ya kuwakumbuka watoto hawa. Hakuna kijiji ambacho jambo hili halijapita, na Plateau ni mojawapo.

Mazungumzo ya leo yanahusu kitu kimoja ambacho familia nyingi hazikidhanii kuwa ni matibabu: usingizi wa mtoto huyo akiwa hospitalini.

Mama, mtoto na simu kutoka nyumbani

Chukua mfano wa mama wa hapa Plateau ambaye uchungu unamshika akiwa wiki ya 30. Anakimbizwa Eldoret, katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, ambako Hospitali ya Mama na Mtoto ya Riley imekuwa ikiwahudumia wazazi na watoto wachanga tangu 2009. Mtoto anazaliwa akiwa na kilo 1.3 na anapelekwa katika kitengo cha watoto wachanga.

Siku ya tatu mama anaanza kuingiwa na hofu. Mtoto halii kama watoto wengine. Hafungui macho. Analala asubuhi, mchana na usiku. Nyumbani, kogo anapiga simu kuuliza hali, na akisikia kwamba mjukuu analala tu, anasema, "Mguseguse miguu aamke, mtoto wa kulala hivyo si mzima." Jumapili jamaa wanajaza matatu kwenda kumwona. Wakiruhusiwa kuingia wawili wawili, kila mmoja anagonga kioo cha inkubeta kwa ukucha ili mtoto ageuke. Wote wanafanya hivyo kwa mapenzi, na kila anayegonga humpokonya mtoto kitu anachokihitaji sana.

Mtoto hufanya kazi gani akiwa amelala?

Mtoto wa wiki 30 angepaswa bado kuwa tumboni, gizani, kwenye joto, akisikia moyo wa mama yake. Huko angekuwa amelala karibu muda wote. Akizaliwa mapema, mwili wake unaendelea na ratiba ile ile: hulala saa 20 au zaidi katika kila saa 24. Huo si ugonjwa. Ndivyo alivyoumbwa.

Usingizi wake ni wa aina mbili. Wa kwanza ni ule ambao mwili unatikisika kidogo, macho yanazunguka chini ya kope, uso unakunja na kukunjua, na pumzi inakwenda haraka kisha polepole. Mzazi asiyejua hudhani mtoto anaamka au anaumwa, akamnyanyua. Kumbe wakati huo ndipo ubongo unapounganisha njia zake za kuona, kusikia na kukumbuka. Kwa mtoto njiti, sehemu kubwa ya usingizi ni wa aina hii. Aina ya pili ni usingizi mtulivu, pumzi ikienda sawasawa na mwili ukiwa umetulia kabisa. Huu huanza kujitokeza vizuri kadiri mtoto anavyokaribia na kupita wiki ya 32, na ndio wakati mwili unapopumzika na kujijenga. Mzunguko mmoja wa usingizi, kutoka aina moja hadi nyingine, huchukua karibu saa moja. Mtoto anayeamshwa kila baada ya dakika ishirini hafikishi hata mzunguko mmoja.

Kisha kuna hesabu ya uzito. Mtoto njiti anayeendelea vizuri hutarajiwa kuongeza gramu 15 hadi 20 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 1.3 basi anahitaji kuongeza kama gramu 20 hadi 26 kwa siku, sawa na vijiko vitano au sita vya chai vya sukari. Kila anaposhtuka, kulia au kupata baridi, anachoma sehemu ya maziwa ambayo yangegeuka kuwa mwili. Kwake haba na haba hujaza kibaba, na haba hiyo ikimwagika haizoleki.

Kelele, mwanga na mikono mingi

Kitengo cha watoto wachanga ni mahali pa kuokoa maisha, na kuokoa maisha kuna kelele zake. Mashine hupiga kengele, oksijeni huvuma, vyombo hugongana, watu huzungumza. Tangu 1997, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kimependekeza kuwa sauti ndani ya vitengo kama hivi isipite desibeli 45. Maongezi ya kawaida ya watu wawili hufika takriban desibeli 60. Yaani hata salamu ya kawaida inaweza kuwa kubwa kwa mtoto huyu. Ndani ya inkubeta mambo huwa mabaya zaidi, kwa kuwa sauti ya kugonga au ya kufunga kidirisha kwa nguvu huvuma kama ndani ya debe.

Mwanga nao una shida yake. Kope za mtoto njiti ni nyembamba, na taa kali hupenya hata akiwa amefumba macho. Kwa hiyo wauguzi huweza kufunika sehemu ya inkubeta kwa kitambaa, wakiacha nafasi ya kumwona mtoto na rangi ya ngozi yake, na kupunguza taa usiku. Mgeni asikitoe kitambaa hicho ili apige picha, na picha yoyote isipigwe kwa taa ya simu.

Jambo la tatu ni mikono. Mtoto huyu lazima apimwe joto, abadilishwe nepi, alishwe kwa mrija, atolewe damu, apewe dawa. Kila jambo lina sababu yake. Kinachoweza kubadilika ni mpangilio. Katika nchi nyingi, wauguzi hujitahidi kuyafanya mambo kadhaa kwa pamoja mtoto anapofikia wakati wa kulishwa, ambao mara nyingi ni kila baada ya saa mbili au tatu, kisha wanamwacha alale bila kuguswa. Huko Boston, Marekani, mwanasaikolojia Heidelise Als alianza miaka ya 1980 kufundisha wauguzi na wazazi kuusoma mwili wa mtoto njiti kabla ya kumgusa. Fundisho lake ni jepesi kulielewa: mtoto asiyeweza kusema bado anazungumza kwa vidole, kwa rangi na kwa pumzi.

Mzazi anaweza kujifunza lugha hiyo kwa siku chache. Mtoto aliyechoka hutandaza vidole kama anayesema "basi", hukunja mgongo kwenda nyuma, hupata kwikwi, hupiga chafya au miayo mfululizo, au hubadilika rangi. Mtoto aliyetulia hukunja miguu, hupeleka mkono mdomoni, na uso wake hulegea. Akionyesha kuchoka, mzazi aache kumgusa, au aweke mkono mmoja kichwani na mwingine kwenye nyayo, aitulize mikono hapo bila kumsugua. Kumpapasa kwa ncha za vidole, jinsi mtoto mkubwa anavyopapaswa, humsumbua mtoto njiti. Mkono uliotulia humpa mipaka aliyoizoea tumboni.

Kitanda bora kuliko vyote

Mwaka wa 1978, katika hospitali ya wazazi mjini Bogotá, Colombia, inkubeta zilikuwa chache na watoto njiti walilazwa wawili watatu pamoja, wakiambukizana magonjwa. Daktari Edgar Rey Sanabria, na baadaye mwenzake Héctor Martínez, wakaanza kuwaweka watoto kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kama kangaruu anavyombeba mwanawe. Jambo lililoanza kwa sababu ya uhaba likaonekana kuwa na faida ambazo mashine haina.

Ushahidi mkubwa umetoka karibu na nyumbani. Mwaka wa 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ukihusisha watoto zaidi ya 3,000 waliozaliwa na uzito wa kati ya kilo 1 na chini kidogo ya kilo 1.8. Kundi moja liliwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, hata kabla hali yao haijatulia. La pili lilisubiri hadi mtoto atulie, kama ilivyokuwa desturi. Katika siku 28 za kwanza, walifariki asilimia 12 ya kundi la kwanza na asilimia 15.7 ya kundi la pili. Tofauti ilikuwa wazi kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa mapema, ili watoto wote wapate faida hiyo. Mwaka uliofuata, Shirika la Afya Duniani likapendekeza kwamba mtoto njiti awekwe kifuani mapema iwezekanavyo, kwa saa 8 hadi 24 kila siku.

Usingizi unaingia hapa. Akiwa kifuani, mtoto hapotezi joto. Anasikia moyo na pumzi anazozifahamu. Anashtuka mara chache na usingizi wake unapata mpangilio. Nchini Israel, mtafiti Ruth Feldman na wenzake waliwafuata watoto njiti kwa miaka 10. Wale waliokaa kifuani mwa mama kwa saa moja tu kila siku kwa siku 14 walikuwa, walipofika miaka 10, na usingizi wenye mpangilio mzuri zaidi na uwezo bora wa kudhibiti fikra zao kuliko wenzao waliobaki ndani ya inkubeta peke yake. Siku kumi na nne za saa moja moja, na matunda yake yakaonekana miaka kumi baadaye.

Namna ya kumweka ni hii. Mtoto huvuliwa, akabaki na nepi, kofia na soksi. Huwekwa wima katikati ya matiti, kifua kwa kifua, miguu ikiwa imekunjwa kama ya chura. Kichwa hugeuzwa upande na kidevu huinuliwa kidogo ili njia ya hewa isifungike. Leso au shuka humfunga kwa uthabiti mpaka usawa wa sikio, kisha mama huvaa shati au sweta juu. Mama hukaa akiegemea nyuma, akiwa nusu ameketi, na anaweza kulala hivyo. Asikae kwa dakika kumi kisha akamrudisha mtoto, kwa kuwa kule kumhamisha kwenyewe humchosha. Saa moja ndiyo iwe kipimo cha chini, na zaidi ya hapo ni bora. Mwenye mtoto aliye kwenye oksijeni au dripu asijihukumu kuwa hawezi: amuulize muuguzi, kwani wengi wao huwekwa kifuani kwa msaada.

Nani atabaki nyumbani?

Hapa ndipo jambo lenyewe lilipo, wakaazi wa Plateau. Hakuna mama anayeweza kukaa na mtoto kifuani saa 8 au 16 kwa siku ikiwa kila jioni anapigiwa simu kuulizwa atarudi lini kukamua ng'ombe. Yule mama wa mfano ana watoto wawili nyumbani, ana mahindi yanayongoja kuvunwa, na ana mume ambaye hajui kwamba yeye pia anaweza kumweka mtoto kifuani.

Baba anaweza. Kifua chake kina joto na moyo wake unapiga. Kogo anaweza, shangazi anaweza. Wanachohitaji ni kunawa mikono hadi kwenye viwiko kwa sabuni, kuvua saa na pete, kutokuwa na mafua wala kikohozi, na kutonukia sigara au marashi makali. Baba akichukua zamu ya saa mbili, mama hulala. Mama aliyelala hukamua maziwa zaidi, na maziwa yake ndiyo chakula bora cha mtoto huyu. Usingizi wa mama na wa mtoto hutoka katika chungu kimoja.

Kwa hiyo familia ikipata habari kwamba mtoto amezaliwa mapema, kikao cha kwanza kiwe cha kugawana kazi: nani atakamua, nani atavuna, nani atawapeleka watoto shule, nani atakwenda Eldoret siku gani. Majirani wanaotaka kutoa pole wapeleke kuni na maziwa nyumbani kwa mama huyo badala ya kujaza matatu kwenda kumwona mtoto. Kwa kufanya hivyo watakuwa wamemwuguza.

Usingizi usio wa kawaida

Pamoja na hayo, si kila kulala ni kuzuri. Mtoto njiti anaweza kusahau kupumua, kwa kuwa sehemu ya ubongo inayoongoza pumzi haijakomaa. Wengi hupewa dawa ya kafeini hospitalini kwa ajili hiyo. Akikaa sekunde 20 bila kupumua, au midomo ikibadilika kuwa ya samawati, muuguzi aitwe papo hapo.

Vivyo hivyo, mtoto aliyekuwa akinyonya au kupokea maziwa vizuri kisha akalegea na kukataa, anayekuwa wa baridi au wa moto, anayepumua kwa shida, au ambaye ngozi na macho yamekuwa ya manjano, anahitaji kuonwa na daktari. Mtikisiko wa usingizi hukoma mzazi anaposhika mkono wa mtoto taratibu. Usiokoma ni dalili ya degedege. Mama asione haya kumwita muuguzi hata mara kumi. Yeye ndiye anayemtazama mtoto huyo kwa muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote.

Kurudi nyumbani kwenye baridi

Plateau iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa hapa unajulikana. Mtoto anaporuhusiwa kutoka hospitalini, jamaa hutaka kumpasha joto, na njia iliyozoeleka ni kuingiza jiko la makaa chumbani na kufunga madirisha. Njia hiyo inaua. Makaa hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtu humezwa nayo akiwa usingizini. Jiko la makaa lisiingizwe kabisa katika chumba anacholala mtoto.

Joto lake ni kifua. Kangaruu iendelee nyumbani hadi mtoto afike karibu kilo 2.5 au aanze mwenyewe kujinasua. Wakati hayuko kifuani, alazwe chali, kwenye godoro gumu lililo sawa, karibu na kitanda cha mama lakini mahali pake, bila mto na bila blanketi zito karibu na uso. Hospitalini mtoto aliyefungwa mashine huweza kulazwa kifudifudi kwa sababu anaangaliwa kila wakati. Nyumbani hakuna mashine, kwa hiyo ni chali kila anapolala, mchana na usiku. Mzazi asilale na mtoto kwenye sofa, na asivute sigara ndani ya nyumba.

Na ikitokea mtoto njiti akazaliwa nyumbani au njiani, akaushwe, avalishwe kofia, awekwe kifuani ngozi kwa ngozi, na asafirishwe hivyo hivyo hadi hospitali. Kifua kitamfikisha akiwa na joto kuliko kufungwa kwenye blanketi na kupakatwa juu ya bodaboda.

Mambo ya kufanya kuanzia leo

Kila mama mjamzito aanze kliniki mapema. Shirika la Afya Duniani linapendekeza aonane na mhudumu wa afya angalau mara 8 kabla ya kujifungua, na huko ndiko dalili za kujifungua mapema hugunduliwa. Uchungu, kutokwa na damu au maji kabla ya wiki 37 ni sababu ya kwenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Familia zijisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kwa kupiga *147#, kabla siku ya dharura haijafika. Wahamasishaji wa afya ya jamii wamtembelee kila mama anayerudi na mtoto njiti, na jambo la kwanza wauliziane naye ni mahali mtoto anapolala.

Na kogo akipiga simu tena kuuliza mjukuu anaendeleaje, mama wa Plateau awe na jibu: "Amelala kifuani kwangu, na leo ameongeza gramu 25." Kogo akisikia hivyo, atawaambia wengine nyumbani wamwache alale.